Nani Anasoma Presha ya Shosho?

(Uzi. Haya ni maneno niliyosema Jumamosi mbele ya vijana na wazazi hapa Gachoka. Waliokosa waliniomba niyaweke hapa, kwa hivyo nayaweka yote. Kama kawaida ya ukurasa huu, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Tunajadili hoja tu.)

1. Asanteni kwa kuacha muguka shambani mkaja kunisikiliza kwa jua hili. Mnajua nasomea sayansi ya siasa, lakini leo naanza na shosho wangu. Nilimwomba ruhusa kwanza. Nikamwambia nitasema nini, na nitasemea wapi. Akafikiri, akaniambia, "Sema, lakini usitaje nambari." Kwa hivyo nambari sitaitaja.

2. Mwaka jana mhudumu wa afya ya jamii alikuja kwetu nyumbani. Hawa mnawajua. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba yenye mashine ya presha, mashine ya kupima sukari, kipima joto na mizani, na simu ya kuingizia matokeo. Mimi naunga mkono kazi hiyo. Kutoka kwetu hadi hospitali kubwa ya Embu ni nauli na siku nzima. Sasa mashine inakufuata mpaka chini ya mwembe wako.

3. Shida ni kwamba chini ya mwembe kulikuwa na watu. Kulikuwa na jirani aliyekuja kuazima sufuria, na kijana wa bodaboda aliyekuwa anangoja pesa zake. Mhudumu akasoma nambari kwa sauti, akauliza, "Shosho, hii iko juu sana, dawa unakunywa kweli?" Jumapili kanisani, akina mama watatu wakampa shosho pole. Mmoja akamwambia apumzike, kazi ya kupikia wageni waachiwe wengine, presha si mchezo. Jamani, jikoni pale shosho ndiye amekuwa akiongoza tangu sijazaliwa.

4. Hakugombana na mtu. Mhudumu aliporudi, shosho akasema ameshapimwa kwingine. Alidanganya. Alikaa miezi mitano bila kupimwa. Sisi tulijua siku ile mkono wa kushoto uliposhindwa kushika kikombe. Amepata nafuu, tunashukuru Mungu, lakini mpaka leo kikombe anakishika kwa mikono miwili.

5. Sasa tuje kwa siasa. Kwenye mijadala, redioni na humu mitandaoni, suala la siri za afya hubishaniwa na kambi mbili. Ya kwanza inasema: bila data hakuna dawa. Kaunti isipojua wagonjwa wa presha ni wangapi, itaagiza dawa kwa kubahatisha. Hiyo ni kweli. Ukiona dawa zimeisha kwenye zahanati, pengine hesabu ilikosewa mahali fulani.

6. Lakini kuhesabu watu si sawa na kuwaorodhesha kwa majina. Februari 2015 lilitoka agizo kutoka ngazi ya juu kabisa ya serikali kwamba makamishna wa kaunti wakusanye takwimu za wanafunzi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, walezi wao, na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia iliyotajwa ilikuwa nzuri, kupanga huduma. Sasa piga picha orodha hiyo ikiwa na jina la mtoto, na inapita mikononi mwa watu wasio madaktari, katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mama yake.

7. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani. Tarehe 7 Desemba 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo lile lilikiuka Katiba, kifungu cha 31 kuhusu faragha na kifungu cha 53 kuhusu maslahi ya mtoto. Ikaamuru majina yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama za siri ndani ya siku 45. Mahakama haikusema serikali isipange huduma. Ilichokataa ni njia iliyotumika. Kwa hivyo mtu akikwambia lazima uchague kati ya dawa na siri, mwambie hilo swali lilishajibiwa.

8. Kambi ya pili inasema: siri zetu zinauzwa kwa wageni. Mnakumbuka Desemba 2025. Tarehe 4 Kenya ilitia saini makubaliano ya afya na Marekani, mpango wa miaka mitano wa takriban dola bilioni 2.5, sehemu ikitoka kwao na sehemu kwetu. Watetezi wa haki za watumiaji wakaenda kortini, na tarehe 11 Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa sehemu zinazohusu kuhamisha data za matibabu. Hofu hiyo siicheki. Data ikishavuka mpaka, kuidai irudi ni kazi.

9. Ila niwaulize. Siri ya shosho ilifika Marekani? Ilifika jikoni kanisani, na ikatosha kumfungia mlango wa matibabu. Wanaopiga kelele kuhusu seva za ng'ambo ni nadra kuwasikia wakiuliza habari za mwembe. Na wanaosema "tunahitaji data" hawajui kwamba mtu akiaibika mara moja, mara ya pili atakupa data ya uongo. Shosho aliyedanganya, simu ile ilimhesabu vipi?

10. Hoja yangu ndiyo hiyo. Faragha ya mgonjwa haipingani na afya ya umma. Mtu anayeamini siri yake iko salama ndiye atakayerudi kupimwa, na hesabu ya kaunti itakuwa ya kweli. Asiyeamini atajificha, kisha tutamwona akiwa amechelewa.

11. Sheria tunayo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaiweka hali ya afya yako kwenye kundi la data nyeti. Data hiyo inapaswa kushughulikiwa na mtoa huduma ya afya, au chini ya usimamizi wake, au na mtu anayefungwa na wajibu wa kutunza siri. Una haki kuambiwa itatumiwaje, kuiona, na kusahihishiwa ikiwa na makosa. Data ikivuja na kukawa na hatari ya kukudhuru, anayeitunza anatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

12. Na sheria hiyo si ya kupamba rafu. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitoza faini kampuni moja ya mikopo ya simu, klabu moja na shule moja. Shule peke yake ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ikiwa picha tu ni hivyo, sembuse ugonjwa?

13. Nanyi vijana msicheke, hamjapona. Mlio na saa za kuhesabu mapigo ya moyo na programu za kufuata hedhi, data hiyo mnampa nani? Januari 2021 kampuni yenye programu ya hedhi ya Flo, inayotumiwa na mamilioni ya wanawake duniani, ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani. Ilikuwa imeshtakiwa kwamba ilipitishia kampuni kama Facebook na Google taarifa ilizoahidi kuzitunza. Ukisoma ruhusa unazobonyeza "kubali", utashtuka.

14. Mhudumu wetu simlaumu. Anazunguka juani kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Je, alifundishwa jinsi ya kumpima mtu mbele ya wageni? Simu yake ikiibiwa, ina ulinzi gani? Haya ni maswali ya bajeti, na maswali ya bajeti ni siasa.

15. Kwa hivyo 2027 wakija kuomba kura, msiishie kuuliza hospitali itajengwa lini. Waulizeni matatu. Mnataka majina yetu, au idadi yetu inatosha? Nani ana ruhusa ya kufungua rekodi yangu, na nitajuaje kwamba ameifungua? Siri yangu ikitoka, nani ataniambia na nani atawajibika? Akikujibu kwa wimbo wa chama, umeshapata jibu.

16. Nilipomaliza, mzee mmoja aliinuka akaniuliza: "Na kama shosho angepimwa kwa siri kabisa, nani angejua amsaidie? Si siri ndiyo ingemuua?" Ukumbi ukanyamaza. Nami nilishikwa kidogo, kwa sababu mzee ana hoja. Nyumbani hata sisi hatukujua alikuwa ameacha kupimwa.

17. Nilimjibu hivi. Siri si kwamba asijue mtu yeyote. Siri ni mwenyewe kuchagua nani ajue. Chini ya mwembe shosho hakuchagua. Siku hizi mhudumu akija, wanaingia ndani na mlango unafungwa. Shosho ameniambia niwe nakaa nao, na nambari ninaiandika mimi kwenye daftari lake. Ndiyo ile niliyokatazwa kuitaja.

18. Mzee alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia. Wewe unaonaje? Niandikie hapo chini, tubishane kwa heshima. Lakini tafadhali, usiandike ugonjwa wa mtu mwingine.