Sikusema barabara, nimesema njia



Juma lililopita nilipanda daladala pale Makumbusho kwenda Bagamoyo, nikapata somo la lugha ambalo halikuwemo kwenye nauli. Nyuma yangu walikaa vijana wawili. Mmoja wao alikuwa kibarua wa Waturuki wa Yapı Merkezi walipojenga reli ya kisasa ya Dar es Salaam hadi Morogoro, kazi iliyoanza mwaka 2017, na alikuwa akijigamba kuwa Kituruki anakijua. Mwenzake akamjaribu: "Haya, reli wanaiitaje?" Akajibu bila kusita: "Demiryolu." Demir ni chuma, yol ni njia. Njia ya chuma!

Nilipofika nyumbani nikalifuatilia neno hilo. Waturuki na Waazabajani husema yol. Wakazaki na Wakirgizi, jol. Watatari wa Urusi, yul. Nenda hadi Siberia kwa Wayakuti utasikia suol. Watu hao wametenganishwa na milima na majangwa, lakini neno ni lile lile, limebadili vazi tu. Jirani zao Waajemi wana la kwao, rah.

Sisi nasi tunalo letu. Njia ya Mswahili ni inzira kwa Mnyarwanda, njĩra kwa Mkikuyu, nzira kwa Mshona, nzila kwa Mkongo, na kwa Mzulu ni indlela. Watu wa pwani tumeidondosha ile sauti ya katikati, kama tulivyofanya kwa mvua, ambayo kwa Wachewa bado ni mvula, na kwa njaa, ambayo kwao ni njala. Nadhani wapagazi walioteremka na pembe za ndovu kutoka Tabora na Ujiji katika karne ya 19, walipofika Bagamoyo hawakuhitaji mkalimani kwa neno hilo.

Barabara, kwa upande wake, ni mgeni aliyekuja kwa bahari. Kwa Waajemi barabar ni "sawa", na Wahindi hulitumia vivyo hivyo. Kwa Waturuki, beraber ni "pamoja". Kwetu limekuwa neno la kukubali: "Barabara kabisa, bwana!" Tena wengi wanaochunguza asili ya maneno huona kuwa ndilo hilo hilo lililolazwa chini likawa njia kuu, ile iliyosawazishwa.

Utaniuliza, haya yote ya nini? Ni kwa sababu ya bibi mmoja muuza samaki niliyeshuka naye kabla ya kufika Bagamoyo mjini. Nilimwamkia, nikamsaidia ndoo yake, tukaenda pamoja hadi kwenye ukuta mrefu mweupe.

"Mwanangu," akasema, "hapa palikuwa na njia. Mama yangu alipita hapa kwenda pwani, nami nimepita tangu msichana."

Mwenye ukuta, alinieleza, alimfungulia ramani akamwonyesha: hakuna barabara hapo.

"Nikamwambia, baba, mimi sikusema barabara. Nimesema njia."

Tangu siku ile nimeshindwa kumpata mwanasheria wa kuliweka jambo hilo vizuri zaidi. Barabara hupimwa, hupewa jina, huwekewa hifadhi yake, na nyumba ikiingia humo huchorwa X nyekundu ukutani. Njia haina mlinzi ila miguu ya wapitao. Ikifungwa msimu mmoja, majani huota na ushahidi hupotea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Vyema. Lakini mita hizo za bibi ziko upande wa pili wa ukuta.

Siku hizi huzunguka kwa mguu, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na dagaa kichwani hawamngojei jua lipoe. Amewashitaki kwa serikali ya kijiji, na wazee watatu wamekubali kwenda kuionyesha njia ilikopita, mbuyu kwa mbuyu. Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi. Nimeahidi kuwepo, na nitakayoyasikia nitakueleza juma lijalo.