Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Likizo zinapofika, wengi wetu hupokea jamaa kutoka bara. Huwapeleka ufuoni, wakaogelea, wakapiga picha, kisha wakarudi makwao bila kuuona mji. Leo nawaomba tuwatembeze mjini, tena kwa miguu.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, anzeni na Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na tangu 2011 imo katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia. Kutoka hapo ingieni Mji wa Kale kwa Ndia Kuu, na muwaeleze wageni kwamba "ndia" ni njia kwa Kimvita. Inueni macho mtazame roshani za mbao na milango ya nakshi. Lakini kumbukeni kwamba hizo ni nyumba za watu. Bisheni hodi, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mvae kwa heshima.

Jioni nendeni Mama Ngina, mtazame meli zikiingia Kilindini. Hapo kuna mihogo ya kuchoma iliyotiwa ndimu na pilipili, viazi karai kwa ukwaju, mabuyu na madafu. Chagueni chakula kinachotoka motoni na kilichofunikwa. Si aibu kumuuliza muuzaji cheti chake cha afya. Takataka mziweke mahali pake.

Mkikuta kikundi cha ngoma au tarumbeta, simameni msikilize. Na hapa ndipo penye ombi langu kubwa. Mpiga ngoma yule yuko kazini, sawa na muuza mihogo. Hakuna anayekula muhogo akaondoka bila kulipa, lakini wapo wanaorekodi ngoma nzima kwa simu, wakaenda zao bila kutoa hata shilingi. Desturi yetu si hiyo. Kwenye taarabu, wimbo ukimgusa mtu huinuka akamtunza mwimbaji mbele ya watu wote. Tuwafundishe wageni wetu kutunza, na sisi tuwe wa kwanza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyo ni mama wa viazi, ni kijana wa madafu, ni mpiga zumari. Mgeni wako akifurahi nao wasipate kitu, bado hawajapona.