Trofimo Aliachwa Mgonjwa Mileto

Masomo: 2 Timotheo 4:20, 2 Wafalme 20:1-7

Sisi ni watoto wanne wa mama mmoja, hapa Zongwe. Pasta ametuomba tuseme juu ya mambo ya nyumba yetu, kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkituuliza mlangoni pa kanisa, na wengine mmeogopa kuuliza. Mama ametupa ruhusa. Amesema hata jina la ugonjwa tulitaje: ni saratani ya titi. Huu ni mwaka wa tatu.

Kulitaja jina hilo ndilo lililotushinda mwanzoni. Mama aliuona uvimbe akioga, mdogo kama punje ya njugu, upande wa kushoto. Haukuuma, naye akauacha. Ulipoanza kukua alimwambia mama mmoja wa maombi, akajibiwa kwamba asiutaje tena, maana ukiutaja ugonjwa umeukubali. Hatumlaumu mama yule peke yake. Tulipojua, sisi watoto wake tulimwambia maneno yale yale: Mama, sema umepona. Basi kila asubuhi alisema amepona, na kila usiku alilala kwa upande mmoja tu. Miezi saba ilipita hivyo. Mdogo wetu ndiye aliyeona madoa katika kikwembe alichokuwa anafua, akaja kutuambia huku analia. Ngozi ya titi ilikuwa imekwisha kuwa kama ganda la chungwa.

Wamama, tusikilizeni kidogo, na wababa pia, kwa maana wanaume nao huipata ijapokuwa ni mara chache. Uvimbe usiouma, ngozi inayokunjamana, chuchu inayoingia ndani, maji au damu inayotoka bila sababu: nenda ukapimwe wiki hiyo hiyo. Wengi watakuta si saratani, nao watamshukuru Mungu. Lakini aliye nayo, miezi saba kwake ni mingi sana.

Sasa tufike kwa Trofimo. Mtu huyu alikuwa wa Efeso. Mnakumbuka Efeso? Ndipo leso na nguo zilizogusa mwili wa Paulo zilipopelekwa kwa wagonjwa nao wakapona. Ni Matendo ya Mitume 19. Trofimo ni mtu wa mji huo. Alisafiri na Paulo mpaka Yerusalemu. Na katika barua ya mwisho, Paulo anamwandikia Timotheo habari fupi tu, kwamba Trofimo amemwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hasemi Trofimo alikuwa na dhambi iliyofichika. Hasemi imani yake ilipungua, wala hasemi mkono wake Paulo ulikosa nguvu siku hiyo. Anamtaja rafiki, anataja mji, anataja kwamba ni mgonjwa. Tuliusoma mstari huu mara nyingi bila kuuona, mpaka sisi wenyewe tulipokuwa Mileto.

Tazameni na Hezekia. Mungu alikwisha kumwahidi kwamba atapona, tena atamwongezea miaka kumi na mitano. Ahadi imetoka, nabii ameitamka. Na bado Isaya akaagiza uletwe mkate wa tini, ukawekwa juu ya jipu. Sasa ni nani kati yetu atakayemwambia Isaya kwamba kuweka dawa ni kukosa imani?

Mtatuuliza, je, hamwamini tena uponyaji? Tunaamini. Sisi wa Tanganyika, tuliokuwa Katanga mpaka mwaka 2015, habari ya kipentekoste ililetwa pande hizi na watu walioombea wagonjwa. William Burton na James Salter walifika Mwanza Sanga mwaka 1915. Wazee husimulia jinsi Burton mwenyewe, miaka mingi baadaye, alivyougua saratani ya utumbo, akapona kwa mkono wa Bwana, akaishi hadi 1971. Ushuhuda huo tunaupokea, hatuupunguzi. Lakini walipokuwa njiani kuja walikuwa wanne, na mmoja wao, George Armstrong, alikufa kwa homa kabla ya kufika. Wenzake hawakuwa watu wa imani ndogo. Na Askofu Festo Kivengere wa Uganda, mhubiri wa uamsho aliyemkimbia Idi Amin mwaka 1977, alikufa kwa saratani ya damu huko Nairobi mwaka 1988. Injili aliyoihubiri ni hii hii.

Turudi nyumbani kwetu. Kule Kalemie daktari alikata kipande cha nyama, kikapelekwa mbali kupimwa, tukangoja. Jibu lilipokuja walitoa titi, kisha dawa za mshipani zikafuata, nywele zote zikaisha. Halafu tukaambiwa anahitaji matibabu ya mionzi, na kwamba hapa kwetu mashine hiyo haipo. Baba aliuza injini ya mtumbwi. Mnajua mvuvi wa ziwa hili bila injini ni nini: anarudi kwenye kasia akiwa na miaka sitini. Tukavuka na Mama usiku mpaka Kigoma, tukapanda treni karibu siku mbili mpaka Dar es Salaam, kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road, kando ya bahari. Wiki tano, kila siku ya kazi, foleni moja na watu wa kila mahali. Wengine walikuwa Waislamu, na waliotuletea uji siku ya kwanza ni hao.

Asubuhi ya kwanza, kabla hajaitwa ndani, Mama alisema anaogopa. Yaya wetu akamjibu upesi, kama tulivyozoea: Mama, usiseme hivyo, uwe na imani. Mama akamwangalia kwa muda. Kisha akauliza: “Nisipowaambia ninyi, nimwambie nani?”

Hatukuwa na jibu. Tuliona ghafla kwamba kwa mwaka mzima tulikuwa tumemwacha peke yake na hofu yake, na tulikuwa tumeita jambo hilo imani. Alikuwa akituombea sisi, huku akificha maumivu ili sisi tusivunjike moyo. Bwana wetu pale Gethsemane aliwaambia wanafunzi wake wazi jinsi roho yake ilivyokuwa na huzuni, akawaomba wakeshe naye. Hakujifanya. Tangu siku ile, nyumbani kwetu mtu akiogopa anasema, ndipo tunaomba. Maombi yamekuwa mafupi kuliko zamani, na machozi yameongezeka, lakini sasa Mama yumo ndani ya maombi yenyewe.

Baba yeye alichukua njia nyingine. Miezi miwili hakuja ibadani. Wengine walisema amerudi nyuma. Alikuwa anakwenda ziwani kabla ya mapambazuko, na jirani aliyevua karibu naye alitusimulia kwamba alimsikia akimlalamikia Mungu kwa sauti, kama mtu anayedai deni. Soma Zaburi, utakuta wengi wa namna yake. Alirudi kanisani siku aliyotaka mwenyewe, akakaa benchi la nyuma, na mpaka leo yuko hapo hapo.

Kuna jambo moja zito, nalo tusingependa kulitaja. Katika mwezi ule wa kwanza mtu alikuja nyumbani na neno la unabii, kwamba ugonjwa umetumwa na shangazi yetu, dada ya Baba. Hatukumfukuza shangazi. Lakini hatukumpa kiti. Alikuja na kuku na unga wa mihogo, akasimama uani, akaelewa, akaondoka. Karibu mwaka mzima hakukanyaga kwetu, na Mama alikuwa akimwulizia kila Jumapili. Saratani si kitu cha kutumwa na mtu. Ni chembe za mwili wenyewe zinazozaana bila kutii mpaka. Daktari alituchorea kwenye karatasi. Shangazi, kama unatusikiliza huko Moba, tulikukosea mbele za Mungu. Tunaomba msamaha, na kiti chako kipo.

Mwaka huu maumivu ya mgongo yalianza, na picha ikaonyesha kwamba ugonjwa umefika mfupani. Anameza kidonge kila jioni, kinakaa juu ya Biblia yake ili asisahau. Kuna siku anapika na kuimba. Kuna siku haamki. Tunafunga kila Ijumaa tukimwomba Bwana amponye kabisa, na hatujaacha kuomba hivyo. Mama huomba kitu kingine pia: aone mdogo wetu akimaliza shule. Imebaki miaka miwili.

Waliotusaidia sana ni wale walioleta kuni, waliofua, waliokaa nasi kimya. Baba mmoja wa kanisa alimwazima Baba injini yake siku mbili kwa wiki, wala hakusema neno lolote juu ya imani.

Maombi ya nyumbani kwetu ni Alhamisi hii, saa kumi jioni. Karibuni wote. Mama ameagiza tuwaambie mambo matatu: msimwekee mkono begani upande wa kushoto, msipige kelele karibu na sikio lake, na msile nyumbani kwenu kwanza, kwa sababu bukari na ndagala atapika mwenyewe kama mgongo utamruhusu, na usipomruhusu tutapika sisi naye akiwa ameketi anatukosoa.