Antena ya Redio Yetu: Programu Ipi Itatufaa?

Vikundi vinavyopanga redio ya jamii hutuuliza: fundi akisema tununue programu ya kompyuta ya kuoanisha antena na mtambo, tulipe? Hebu tuliangalie jambo hilo pamoja.

Kwanza, kuoanisha ni nini? Ninyi mmechimba mitaro ya maji. Mnajua kwamba bomba nene likiungwa na jembamba, maji hayapiti vizuri. Redio nayo ni hivyo. Mtambo wa FM na kebo yake kwa kawaida hutengenezwa kwa omu 50. Antena ikiwa mbali na kiasi hicho, sehemu ya nguvu hurudi nyuma. Mafundi huita kipimo hicho SWR. Ikiwa 1, hakuna kinachorudi. Ikiwa 2, asilimia 11 hurudi. Ikiwa 3, ni robo nzima. Hapo mitambo mingine hujipunguzia nguvu, na mingine huungua. Na mtambo huo ni pesa za harambee!

Sasa programu. Ziko za namna tatu, na kila moja ina kazi yake.

Namna ya kwanza hukadiria antena kabla haijajengwa. Hapo kuna 4nec2, MMANA-GAL na EZNEC. Unaiambia urefu wa vyuma na kimo chake, nayo inakupa omu na upande ambao mawimbi yataelekea. 4nec2 ni ya bure, na MMANA-GAL ina toleo la bure. EZNEC ilikuwa ya kulipiwa, lakini tangu 2022 nayo hutolewa bure.

Namna ya pili ni kama SimSmith, ambayo pia ni ya bure. Inatumia chati ambayo Phillip Smith wa Marekani aliichapisha mwaka 1939. Ukishajua omu za antena, inakuonyesha uweke koili gani, kapasita gani, au kipande cha kebo cha urefu gani.

Namna ya tatu ni kama NanoVNA-Saver, ya bure vilevile. Hii haikadirii. Inasoma kifaa kidogo cha kupimia, NanoVNA, kinachofungwa kwenye kebo ya antena baada ya mtambo kuzimwa na kufunguliwa kutoka kwenye kebo hiyo. Nguvu ya mtambo ikiingia humo, kifaa kimekwisha.

Ipi bora? Ni kama kuuliza jembe na panga kipi bora. Lakini tujue hivi: programu ya kukadiria haijui kutu, wala nati iliyolegea, wala maji yaliyoingia kwenye kebo. Kipimo ndicho huonyesha kwamba kuna kasoro. Kwa hiyo antena iliyokwisha kusimama ipimwe kwanza, halafu faili ya kipimo ifunguliwe kwenye SimSmith.

Basi, wanakamati, kabla ya kutoa pesa fanyeni haya:

1. Fundi apime mbele yenu.
2. Awaachie faili ya kipimo, katibu aihifadhi.
3. Aeleze programu ya kulipia itafanya nini ambacho hizi za bure haziwezi.

Mvua ikipita, pimeni tena mlinganishe na faili ya zamani. Kikundi chenye kipimo chake mkononi hakiuziwi kitu kisichohitaji.

Sasa tuko tayari kwa maswali.