Jani Linalokubali Kukauka

Leo nataka tutazame mmea mdogo ambao Mungu ameuotesha mbali na kwetu, katika nchi kavu za Namibia na Afrika Kusini. Wataalamu huuita Lithops, maana yake kwa Kiyunani ni uso wa jiwe. Mwaka 1811 msafiri Mwingereza, William Burchell, aliinama kuokota kokoto. Kumbe ni mmea!

Una majani mawili tu, manene, yaliyoshikamana, na sehemu kubwa imefukiwa ardhini. Ndani ya majani hayo imo akiba ya maji. Mvua ikikosa, mmea huishi kwa akiba hiyo.

Lakini sikilizeni jambo lililonigusa. Kila mwaka, ua likisha kunyauka, majani mawili mapya huanza kukua ndani ya yale ya zamani. Hayangoji mvua. Hunywa maji ya majani ya zamani, nayo husinyaa pole pole mpaka yanakuwa ganda jembamba kama karatasi. Wanaoutunza mmea huu katika vyungu huonywa wasiumwagilie maji wakati huo. Ukiumwagilia, majani ya zamani hubaki yamenenepa, na yale machanga hubanwa.

Ndugu zangu, nilipojifunza hayo niliona haya. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kanisa letu. Kijana aliyekuwa karani wangu alifanya kazi vizuri, lakini kila uchaguzi ulipofika nilisema, "Huyu bado ni mchanga." Mwisho alichoka, akaacha kuja hata ibadani. Mimi nilinenepa kwa heshima, yeye nikambana. Nimekwenda nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha chai vizuri. Lakini kanisani hajarudi bado.

Yohana Mbatizaji alipoambiwa kwamba watu wote wanamwendea Yesu, hakuona wivu, bali alifurahi. Someni Yohana 3:26-30.

Wewe mzazi, mwalimu, mzee wa kanisa, maji uliyo nayo ulipewa kwa ajili ya nani? Usingoje mpaka kijana wako aondoke.

Na tuombe. Ee Bwana, tufundishe kutoa tulichopewa kabla hatujaondoka. Uwarudishe wale tuliowabana. Amina.