Kinachompa Mnunuzi Moyo wa Kununua Mtandaoni



Sokoni, mnunuzi wa kitenge hukishika, hukinyoosha kwenye mwanga, ndipo atoe fedha. Mtandaoni hana ila picha na neno la muuzaji. Ndiyo maana wengi wenye simu janja na salio la kutosha huishia kutazama tu. Kinachowazuia mara nyingi si bei, bali ni hofu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sharti la kulipa kwanza ndilo linalokuza hofu hiyo, kwa kuwa hatari yote hubaki kwa mnunuzi. Muuzaji anayekubali kulipwa mzigo ukifika huibeba sehemu yake. Nauli nayo ina uzito: bidhaa nafuu iliyosafirishwa kwa basi, kisha kwa bodaboda kutoka stendi, yaweza kugharimu kuliko ya dukani. Anayeelezwa gharama hiyo mapema hurudi. Anayeshtukizwa nayo harudi.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 humtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa jina, anuani na namba ya simu. Mnunuzi huthubutu anapojua atamdai nani. Basi, kabla ya kuingiza namba ya siri, jina linalojitokeza kwenye simu lilinganishwe na jina la duka. Yakitofautiana bila maelezo, malipo yasifanyike. Ujumbe wa malipo, picha ya bidhaa na mazungumzo vihifadhiwe, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe kwenda 15040. Aliyekwisha kutapeliwa awahi polisi na kumbukumbu hizo.

Kwa anayeuza asali au mchele mtandaoni, yafaa jina moja lionekane kwenye leseni, kwenye ukurasa wake na kwenye namba ya malipo. Picha iwe ya bidhaa yake mwenyewe, si ya kuazima. Maana mtu mmoja akitapeliwa, hasara haiishii kwake: majirani huogopa, na muuzaji mwaminifu wa kijiji cha pili hukosa wateja kwa kosa asilolitenda.

Maelezo ya leseni ya biashara hutolewa na Afisa Biashara wa Halmashauri.