MASHINE BILA MTU HAIPONYI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi letu)

Sisi watu wa karakana tumepewa nafasi tuseme juu ya jambo moja. Binti wa mwenzetu, ambaye ni daktari, ataka kuomba mafunzo ya juu ya kutunza wagonjwa mahututi, yale yaitwayo feloshipu. Wengine wameuliza, "Hayo yatuhusu nini sisi wa reli?" Yatuhusu sana.

Mwamkumbuka mwenzetu aliyebanwa kati ya mabehewa. Tulimfikisha hospitali angali hai. Mashine ya kupumulia ilikuwapo, mpya, imefunikwa shuka. Mtu aliyefunzwa kuitumia hakuwapo. Ikabidi apelekwe mbali, naye akafa njiani. Injini isiyo na dereva haifikishi abiria.

Kazi hii ilianzaje? Mwaka 1952 ugonjwa wa polio uliushika mji wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark. Wagonjwa walishindwa kupumua, na mashine zilikuwa chache. Katika majuma ya kwanza wagonjwa 31 walitibiwa kwa mashine hizo, na 27 wakafa. Ndipo daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koo, watiwe mpira, na hewa isukumwe kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari, mamia kwa mamia, wakaminya mifuko ya hewa kwa zamu, usiku na mchana, na wengi wakapona. Mwaka 1953 Ibsen akafungua wadi ya wagonjwa mahututi katika mji huo huo. Basi kazi hii ilianza kwa mikono ya watu na kwa zamu, mambo tuyajuayo sisi.

Safari ya daktari ni ndefu. Hapa Kenya husoma chuo kikuu miaka 6, kisha mwaka 1 hospitalini chini ya wakubwa wake. Halafu husomea ubingwa miaka kadhaa. Feloshipu huja baada ya hayo, mara nyingi miaka 2. Hata dereva wetu hakabidhiwi treni siku ya kwanza.

Binti yetu amekwisha kupata ubingwa wa usingizi. Sasa atakiwa kupeleka vyeti, leseni, barua za madaktari waliomwona kazini, na barua yake mwenyewe. Tulimwambia: usiandike tu kwamba wapenda kusaidia watu, maana kila mwombaji huandika hivyo. Eleza habari za mgonjwa mmoja aliyekushinda, na jambo ambalo hukulijua usiku ule. Tena barua za wakubwa ziombe mapema, kwani mkubwa akiharakishwa huandika mistari mitatu tu.

Linalomtia hofu ni mshahara. Baba yake yu karibu kustaafu, na yeye ndiye alipaye karo ya wadogo zake. Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo 2. Kwanza, viongozi wetu waonane na chama cha madaktari, waombe pamoja kwa mwajiri wake apewe ruhusa yenye mshahara. Pili, ruhusa hiyo ikikataliwa, tuchange karo ya watoto wale mpaka amalize. Naye ameahidi kurudi mji huu na kufunza wauguzi, maana daktari mmoja hawezi kukesha kila usiku.

Mwenzetu yule hatuwezi kumrudisha. Atakayeumia kesho hatumjui. Labda yumo humu ndani.